Denitreta ya salfa: ninavyoshusha naitreti kwenye tangi la matumbawe hapa Tanga

Wadau wa tangi la maji chumvi, kama ukipima naitreti, ile taka inayotokana na mavi ya samaki, inasoma 60, 80 (miligramu kwa lita), matumbawe laini yamesinyaa hayafunguki na mwani wa kahawia umetanda mpaka kwenye kioo, soma hii mpaka mwisho. Mimi nilidhani kwa vile bahari iko hapo Raskazone nitabadilisha maji tu basi, kumbe hesabu inakataa: una 80, ukibadilisha robo ya maji unabaki na 60, samaki wanaendelea kula na kunya, baada ya muda umerudi pale pale na mgongo unauma kwa kubeba madumu. Afu masika ndo kabisa, Mto Sigi unamwaga tope, chumvi inashuka chini ya gramu 35 kwa kilo ya maji, maji ya kuchota yenyewe yanakuwa hayafai.

Kinachotokea ndani ya tangi ni hivi. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yanatoa amonia, bakteria wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti, na hao wote wanataka oksijeni. Kwenye tangi lenye pampu nzuri oksijeni ni tele kwa iyo mambo yanaishia hapo, naitreti inarundikana tu. Denitreta ni chombo cha kupitisha maji taratibu mno mpaka oksijeni iishe humo ndani, hapo bakteria wa aina nyingine wanakosa pa kuvuta hewa wanaanza kunyofoa oksijeni iliyomo kwenye naitreti yenyewe, inabaki gesi ya naitrojeni inapanda zake hewani. Kuna denitreta za kulisha bakteria kwa pombe au siki, zinafanya kazi ila ukizidisha dozi kidogo maji yanakuwa meupe kama tui, mimi nasimama na salfa maana bakteria wake wanakula salfa yenyewe, hulishi kitu kila siku.

Salfa iwe ya punje. Ile ya unga wanayopulizia mikorosho usiithubutu, inaganda kama udongo na maji hayapiti. Kiasi wengi tunakwenda na lita 1 ya salfa kwa kila lita 100 za tangi, mimi tangi langu ni lita 300 kwa iyo nimeweka lita 3, bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa nusu mita linatosha na nafasi inabaki. Ziba juu na chini isivuje, weka pampu ndogo inayozungusha maji humo humo ndani ya bomba saa 24 ili pasiwe na kona maji yamelala, na juu kabisa weka kakoki ka kutolea gesi manake ikijaa inasukuma maji nje. Bakteria wakila salfa wanatoa asidi, kwa iyo maji yakitoka hapo yapite bomba la pili lenye maganda ya konokono wa baharini, yale ya vipande yanayouzwa maduka ya chakula cha kuku, uyaoshe sana mpaka maji yatoke safi. Usiende kuvunja matumbawe baharini kwa ajili hii, tafadhali sana.

Sasa dripu, na kazi yote iko hapa. Nenda famasi nunua mpira wa dripu ule wa kumwekea mgonjwa, ule wenye kigurudumu cha kubana, ufunge mwisho kabisa maji yanapotokea. Mipira mingi matone 20 ni mililita 1, ukianza na tone moja kwa sekunde unapata kama lita 4 na kidogo kwa siku. Inaonekana ndogo sana lakini acha hivyo hivyo. Wiki za mwanzo pima maji yanayotoka, utaona naitraiti imepanda, hiyo ni dalili bakteria wameanza kazi ila hawajamaliza, na kipindi hicho vipimo vingi vya naitreti vinadanganya vinasoma juu kwa sababu vinahesabu na hiyo naitraiti. Maji hayo mimi nilikuwa nayamwaga kwenye ndoo, sirudishi. Mimi ilichukua wiki sita mpaka yanayotoka yakasoma 0, ndo nikaongeza matone kidogo, nikasubiri siku tatu nne, nikapima tena, nikaongeza tena. Ukiona naitraiti imetokea umeongeza sana, rudi nyuma. Ukisikia harufu ya yai viza maji yanakwenda polepole mno, fungua kidogo. Na kigurudumu kinashika utelezi, kila asubuhi nahesabu matone kabla ya chai.

Umeme ukikatika hapo uwe macho. Mara moja ulikatika usiku kucha, uliporudi nikaacha mashine iendelee yenyewe, nikaingia chumbani nakutana na harufu ya yai viza, samaki wawili wako juu wanahema. Maji yaliyolala kwenye salfa yanatengeneza gesi yenye hiyo harufu ya yai viza na ni sumu. Siku hizi umeme ukirudi nafungua dirisha, natoa mpira kwenye tangi, namwaga ujazo mzima wa mabomba yote mawili kwenye ndoo nje, ndo narudisha. Na siku zote maji ya denitreta yaingie karibu na skima (ile mashine ya mapovu ya kutolea uchafu) au jiwe la hewa, yanatoka hayana oksijeni.

Usishushe naitreti mpaka 0 kwenye tangi lenyewe, matumbawe yanapauka, mimi nashikilia 5 mpaka 10. Pima na KH, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kila wiki kwa sababu ile asidi inaila, yangu naiweka 8, ikishuka naongeza. Salfa inapungua polepole, ukiona imeshuka vidole vinne ndani ya bomba ongeza punje mpya juu ya zile za zamani, na ukilazimika kuzisuuza tumia maji ya tangi, yale ya bomba la nyumbani yana klorini inaua bakteria unaanza wiki sita upya.