Acheni kufyeka chini ya misindano iliyokomaa

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba nazungukia mashamba ya misindano (paina) ya Mufindi na Njombe, na nakuta kitu kile kile: vibarua wamejipanga mstari, panga mkononi, wanafyeka chini ya miti ya miaka 12 mpaka udongo unaonekana. Mwenye shamba anafurahi kwamba shamba limekuwa safi. Ndugu mkulima, hapo umelipa fedha kwa kazi ambayo mti haukuihitaji, na umewafukuza ndege wote.

Sizungumzii miche. Mche wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu upaliliwe kisahani, nusu mita kila upande, hilo mnalijua. Lakini misindano iliyopandwa mita 3 kwa 3 ikishafunga kivuli, kichaka cha chini hakina nguvu ya kuishinda tena.

Msindano ni mgeni katika nchi yetu, na ndege wetu wengi hawapati riziki yao kwenye koni na sindano zake. Wanaingia shambani kufuata kile kilichoota chini. Kurumbiza anapekua wadudu kwenye majani makavu chini ya kichaka. Chozi anafuata maua. Shore anakula tunda la kichakani, kisha anadondosha mbegu pale anapotua, na ndiyo maana mivengi, miti yetu ya asili, huchipua yenyewe karibu na bonde ambako hakuna aliyeipanda. Ukifyeka vyote, unabaki na nguzo za misindano na ukimya.

Novemba iliyopita niliokota kiota cha shore kwenye rundo la vichaka vilivyofyekwa asubuhi ile: kikombe kidogo cha nyasi na vijizizi vikavu, kimeshikwa kwa utando wa buibui, mayai mawili ndani, moja limepasuka. Ndege mwenyewe alikuwa juu ya tawi analia. Kibarua hakuwa na kosa, alitumwa.

Kwa hiyo shikeni vipimo hivi. Toka Septemba hadi Februari panga lisiingie chini ya miti mikubwa, kwa sababu huo ndio wakati ndege wengi wanatotoa. Ukihitaji njia ya kupitisha magogo au kupogolea, fyeka Mei, mara mvua zinapokatika, na ukate usawa wa goti, sentimita 40 hadi 50, kichaka kichipue tena. Miwati inayojiotea ndiyo ya kung'oa na mizizi.

Najua mtasema moto. Moto huingia kutoka ukingoni, kwenye nyasi. Safisha barabara ya moto, ule ukanda wazi wa kuzuia moto, yenye upana wa mita 10 kabla ya Juni kuisha, na hapo sina mjadala na mtu. Ila vichaka unavyokata Agosti na kuviacha vikauke juu ya sindano kavu, hizo ni kuni umejiandalia mwenyewe katikati ya shamba!

Kupunguzia nako mnachelewa. Shamba lenye miti 1,111 kwa hekta, ukifika mwaka wa kumi ubaki na miti 650 hivi. Jua likigusa chini, kichaka kinaamka, na mti uliobaki unanenepa. Anayepanda mita 2 kwa 2 ana miti 2,500 kwa hekta. Huko chini hakuoti kitu na juu hakunenepi kitu.

Mti uliokauka wenye kipenyo cha sentimita 25 au zaidi usiukate wote kuwa kuni. Acha mitatu kwa ekari, mbali na barabara na nyumba kuliko urefu wa mti wenyewe. Kigong'ota na zuwakulu wanatoboa humo, na tundu wakiliacha, ndege wengine wanalirithi.

Mtoni acha mita 60 kutoka kwenye maji bila kupanda misindano, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Wapo waliopanda misindano mpaka ukingo wa maji. Wakishavuna wasirudishie, mivengi iachwe ipande juu.

Ukisikia kurumbiza alfajiri ndani ya shamba, umepatia. Na kama vibarua wako wameshaanza wiki hii, wahamishie kwenye barabara ya moto leo.