Ukiambiwa damu yako ina bakteria wa utumboni, usiishie kwenye sindano

Nafanya kazi maabara hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa maalumu ili bakteria waliomo wakue na watambuliwe. Naona watu wanachukua majibu, wanapigwa dozi ya sindano, homa inashuka, basi wanahesabu yamekwisha. Kwa bakteria wengi ni sawa. Kwa Streptococcus gallolyticus, ambaye zamani aliandikwa Streptococcus bovis, si sawa hata kidogo.

Huyu makazi yake ni utumboni. Kwenye hadubini anaonekana wa zambarau, kajipanga kama shanga. Akikutwa kwenye damu, hasa akishavamia vali za moyo, lazima itafutwe njia aliyopitia. Mara nyingi hukutwa kivimbe kwenye utumbo mpana, au saratani yenyewe ambayo bado haijaanza kuuma. Madaktari walianza kuuandika uhusiano huu mwaka 1951. Antibiotiki itamuua bakteria, kivimbe kitabaki palepale.

Kwa hiyo homa ikikung'ang'ania bila sababu, omba damu ioteshwe kabla hujameza antibiotiki. Ukija umeshakunywa vidonge vya dukani, mara nyingi chupa zetu hazioteshi kitu. Utatolewa damu zaidi ya mara moja, mkono huu na huu. Ndivyo tunavyotofautisha bakteria wa kwenye damu na wa kwenye ngozi. Jibu likitoka lipige picha, jina lionekane lote, maana "streptococcus" peke yake haitoshi. Kisha muulize daktari: "Je, sipaswi kupimwa utumbo mpana kwa kamera?" Kipimo hicho kinaitwa kolonoskopi.

Ukipelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar, kwa kipimo hicho, tafadhali usinywe dawa ya kusafisha utumbo ukiwa Tanga halafu ukapanda basi. Tangulia, ulale Dar kwa ndugu, choo kiwe karibu. Siku ya kuamkia kipimo ni vinywaji visivyo na machicha wala maziwa: chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa. Juisi ya rosela iache, wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Endelea mpaka utoke maji ya manjano matupu, kwa sababu kinyesi kikibaki kinaficha kivimbe na utaambiwa urudi. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema, asijiachishe dawa mwenyewe. Vivimbe vidogo mara nyingi hukatwa humohumo, kabla havijageuka saratani.

Wapo na bakteria wengine wanaohusishwa na saratani ya utumbo mpana. Fusobacterium nucleatum, mkazi wa kinywani, amekutwa ndani ya uvimbe wa saratani hii. Na mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba sumu ya aina fulani za E. coli, bakteria mwingine wa utumboni, huacha alama kwenye vinasaba vya seli za utumbo. Hayo yasikupeleke dukani kununua antibiotiki za "kusafisha tumbo". Tibu fizi zinazotoka damu, basi.

Na wewe unayeona damu chooni, usijitibu bawasiri au amiba miezi na miezi. Nenda hospitali, kwa hapa Tanga ni Bombo, ukaeleze yote: ilianza lini, choo kimebadilikaje, uzito umepungua kiasi gani, nani katika ukoo aliwahi kuugua saratani ya utumbo. Mzee aliyepungukiwa damu naye asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu tu. Ombeni itafutwe inakovujia.