Jinsi ya Kuirudisha Timu ya Vijana Mchezoni Ikiwa Nyuma kwa Alama Sita

Kocha aliyelelewa katika soka, kama tulivyo wengi wetu hapa Uganda, huona timu yake ikifungwa mapema akaanza kutazama saa. Katika besiboli hakuna saa ya kutazama. Mchezo wa vijana wa miaka 12 na chini yake, kwa kanuni za Little League (shirika la Marekani la besiboli ya vijana), una awamu sita, na katika kila awamu timu inayopiga huendelea mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Maana yake ni kwamba una nafasi 18 za kutolewa, na hakuna mpinzani awezaye kukunyang'anya hata moja kwa kupoteza muda au kujiangusha uwanjani. Kinachotakiwa ni kujua umebakiwa na ngapi na kuzitumia kwa ubahili.

Nitaueleza utaratibu huu kwa mfano wa mechi tuliyocheza Jumamosi moja kwenye uwanja wa murram, upande wa Mukono, ambayo ilitubidi tushinde ndipo tuingie hatua ya mtoano. Tulikuwa timu ya nyumbani, yaani tulipiga wa pili. Ilipofika zamu yetu katika awamu ya nne tulikuwa nyuma kwa alama saba kwa moja, na wazazi wawili walikuwa wameshaanza kuulizia bodaboda za kurudi mjini.

Jambo la kwanza ni kuziba tundu kabla ya kuchota maji. Timu ya watoto haifungwi alama saba kwa sababu wapinzani wanapiga vizuri mno. Mara nyingi hufungwa kwa sababu mpira mmoja uliodakwa vibaya hufuatwa na mrusho wa papara, na mrusho huo hufuatwa na mwingine. Mchezaji wa uwanja wa ndani anamwona mkimbiaji akielekea kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji na alama inapopatikana, anarusha kwa nguvu zote, mpira unampita mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, na walioko kwenye besi nyingine, yaani vituo vya njiani, wote wanasogea. Waambie vijana wako wachukue mtu aliye rahisi kutolewa, hata kama mwingine anafunga alama. Agizo hili ni chungu kulitoa ukiwa nyuma, lakini mkimbiaji mmoja aliyefunga ni nafuu kuliko watatu waliosogea bure. Tangu tulipolishika, katika awamu mbili za mwisho wapinzani hawakufunga tena.

Jambo la pili, ambalo makocha wengi hulidharau, ni kuhesabu mirusho ya mrushaji wa upande wa pili. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku. Wa miaka 9 na 10 mwisho wake ni 75. Akifikia kikomo akiwa katikati ya kumrushia mpigaji, anaruhusiwa kumaliza na mpigaji huyo, kisha lazima atoke. Kwa hiyo mrushaji hodari si ukuta. Ni tangi la maji lenye kiasi kinachojulikana, na kazi ya wapigaji wako ni kulifungulia bomba. Mpe msaidizi daftari na kalamu tangu mrusho wa kwanza, wala usitegemee kumbukumbu. Daftari letu lilionyesha kwamba kijana aliyetusumbua alikuwa amesharusha mara 61 tulipoanza kupiga katika awamu ya nne.

Hapo niliwaita wapigaji wangu wote nikawaambia kwamba mpaka warushiwe straiki ya kwanza (mrusho mzuri wa kupigwa; wa tatu humtoa mpigaji), hakuna atakayelizungusha gongo. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, aliniuliza, "Mwalimu, nisipige kabisa?" Nikamjibu, "Utapiga, mwanangu, lakini upige ulio wako, si wake." Awamu hiyo tulimrushisha mara 17 na tukapata alama mbili, saba kwa tatu. Katika awamu ya tano yule mdogo ndiye aliyeanza. Alisimama pembeni mwa kituo, kofia ngumu ya kuazima ikimwangukia kwenye nyusi, akairekebisha kwa mkono wa kushoto baada ya kila mrusho. Straiki mbili, kisha boli nne (mirusho iliyokwenda nje ya eneo la kupigwa), na akapewa besi ya bure. Mirusho 84. Aliyemfuata alirushiwa mmoja tu na kikomo kikatimia. Alipomalizana naye, mrushaji wao bora akaenda benchi, akaingia mwenzake ambaye mkono wake ulikuwa bado baridi. Tukaongeza tatu.

Kwa rika hili alama nyingi hazitokani na mipigo mirefu, jambo ambalo linafaa kusemwa waziwazi kwa sababu kila mtoto aliye nyuma hutaka kuupeleka mpira ng'ambo ya uzio. Kutoka besi hadi besi ni mita 18.29, na kwenye murram mpira uliomponyoka mdakaji huruka ovyo na kwenda mbali. Mkimbiaji aliye macho anaweza kusogea besi nzima bila mwenzake kugusa mpira. Mkumbushe tu kwamba katika daraja hili haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Akitangulia, mwamuzi atamrudisha. Mfundishe pia mpigaji kwamba straiki ya tatu isiyodakwa bado ni mpira hai, yaani mchezo unaendelea, iwapo besi ya kwanza ni tupu au wawili wameshatolewa: na akimbie, asisimame kujihurumia.

Kuna mitego miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni kutoa kafara, yaani kumwamuru mpigaji auguse mpira kwa upole ili atolewe yeye na mwenzake asogee besi moja. Ukiwa nyuma kwa alama nne au zaidi, hiyo ni kuuza ng'ombe ili ununue kamba. Hifadhi mbinu hiyo kwa alama moja ya kusawazisha au ya ushindi, na usiiagize mpigaji akiwa na straiki mbili, maana mpira huo ukitoka nje ya mistari anahesabiwa ametolewa. Wa pili ni hotuba. Sijawahi kuona mtoto wa miaka 12 akipiga vizuri zaidi kwa sababu ameelezwa kwa dakika tatu kuhusu heshima ya shule yake. Mpe tarakimu na kazi: "Tunataka mtu mmoja afike besi ya kwanza." Anayetaka kuwasimulia habari za mbali awasimulie mazoezini jinsi timu ya Lugazi, mji wa hapa kwetu Uganda, mwaka 2012, ilivyokuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, ikapata na ushindi, mwaka mmoja tu baada ya vijana wa Kampala waliofuzu kunyimwa viza. Kwenye benchi, wakati wa mechi, habari hiyo haimsaidii mtu kuuona mpira.

Awamu ya mwisho tuliianza tukiwa nyuma kwa alama moja. Tulisawazisha kwa mpira uliompita mdakaji, kisha mkimbiaji wetu akawa besi ya tatu, mmoja akiwa ametolewa. Hapo wapinzani waliwasogeza karibu wachezaji wa uwanja wa ndani, kama inavyopasa, na mahali hapo ndipo niliagiza mguso wa upole, kuelekea upande wa besi ya kwanza. Nane kwa saba.

Usisahau, katika furaha hiyo, kulifungua tena lile daftari, safari hii kwa mirusho ya vijana wako. Kwa walio na miaka 14 na chini, mirusho 1 hadi 20 haidai siku ya mapumziko. 21 hadi 35 inadai siku moja, 36 hadi 50 mbili, 51 hadi 65 tatu, na 66 au zaidi inadai nne. Mtoano wetu ulikuwa Jumapili asubuhi. Mrushaji aliyetuokoa katika awamu ya tano alitolewa katikati ya ya sita akiwa amefikisha mirusho 20, akatoka akinuna kwa sababu alidhani amekosea. Nilimwonyesha ukurasa akiwa anakula chapati yake chini ya mwembe, akahesabu mistari kwa kidole mpaka ishirini, akaniuliza kesho tunaanza saa ngapi.