Skrinishoti elfu tatu, unatafuta moja

Juzi shemeji aliniletea simu yenye skrinishoti zaidi ya 3,000. Alitaka moja tu, ya uthibitisho wa malipo. Simu ni Android, picha anaziangalia kwa Google Photos.

1. Futa takataka. Ramani za safari zilizokwisha, misimbo ya kuingilia akaunti, vichekesho. Dakika kumi zinatosha.

2. Washa hifadhi ya folda ya skrinishoti. Hapa ndipo saa zetu mbili zilipoteketea. Tuliandika "malipo" kwenye kisanduku cha kutafutia, zikaja picha za kamera tu. Nikabadili maneno, nikazima simu nikaiwasha, wapi! Kumbe Google Photos huhifadhi nakala za picha za kamera peke yake mpaka uiambie vinginevyo, na maandishi yaliyo ndani ya picha huyasoma kwenye zile zilizokwisha kupakiwa kwenye akaunti. Gusa picha yako ya wasifu juu kulia, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala, fungua folda za kwenye kifaa, washa Screenshots.

Kabla hujawasha, hamishia kwanza folda nyingine zile usizotaka zitoke kwenye simu: vitambulisho, nywila. Angalia pia nafasi, maana GB 15 za bure unazigawana na Gmail na Drive. Tumia waifai, iache simu kwenye chaji usiku kucha, na hata zikishapakiwa usitarajie majibu papo hapo. Halafu jambo linaloliza watu: picha iliyohifadhiwa ukiifuta ndani ya Google Photos, inafutika na kwenye simu. Una siku 60 za kuitoa kwenye kapu la taka.

3. Tafuta neno adimu. "Malipo" limo kwenye skrinishoti mia. Ya shemeji ilikuja mara moja tulipoandika jina la mpokeaji.

4. Albamu mbili tu. "Risiti" na "Za kushughulikia". Wanaotengeneza albamu ishirini siwaelewi. Wiki ya pili wameshaziacha.

Wenye iPhone hatua ya pili haiwahusu. Kuanzia iPhone XS yenye iOS 15, simu yenyewe husoma maandishi kwenye picha, na skrinishoti zina albamu yake tayari. Ila ukifuta, una siku 30 tu za kuirudisha.