Jinsi ya kuonja Christmas Ale, bia ya viungo ya Cleveland

Hapa Cleveland, Marekani, baridi ikianza kubisha hodi, watu huulizana kama Christmas Ale ya kiwanda cha bia cha Great Lakes imeshaingia dukani. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1988 na ndugu wawili, Patrick na Daniel Conway, katika mtaa wa Ohio City, na bia hii ya msimu imekuwa ikipikwa tangu 1992. Ndani mna asali, tangawizi mbichi na mdalasini. Kilevi ni asilimia 7.5, na hapo ndipo wageni wetu kutoka nyumbani Tanzania hudanganywa na udogo wa chupa. Piga hesabu: chupa hii ya mililita 355 inakaribiana kwa kilevi na bia yetu ya Safari ya nusu lita yenye asilimia 5.5. Kwa kuonja, chupa moja inatosha watu wawili, na funguo za gari zikae mbali.

Mimi ni mtu wa Moshi, kule mhudumu wa baa hukuuliza "baridi au moto?" Kwa bia hii jibu liko katikati, nyuzi 10 hadi 13 hivi. Itoe kwenye friji dakika 20 kabla. Ikiwa baridi kali, harufu hailegei na ulimi unaingia ganzi. Utaambulia gesi na uchungu kidogo, basi. Ikiwa moto kabisa, kilevi kinakuvamia puani kabla ya kiungo chochote.

Usipige tarumbeta, yaani usinywe moja kwa moja kwenye chupa. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo unaobana, hata ya mvinyo inafaa, uisuuze vizuri kwa maji matupu maana mabaki ya sabuni huua povu. Baa nyingi za hapa hupaka ukingo wa glasi sukari na mdalasini. Mapambo mazuri, sikatai, lakini siku ya kuonja waambie wasikuwekee. Utakuwa unaonja ukingo, si bia.

Kabla ya kufungua chupa, nenda jikoni uandae visahani vitatu: kimoja kijiti cha mdalasini ulichokivunja hapo hapo, kingine tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, cha tatu kijiko cha asali. Nusa kimoja kimoja, taratibu, kisha pumzisha pua kwa kunusa mkono wa shati lako mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye chai ya tangawizi tunadhani harufu hizi tunazijua. Tunazijua zikiwa ndani ya chai, pamoja na maziwa na sukari. Kila moja peke yake ni habari nyingine: mdalasini una utamu wa mti mkavu, na tangawizi mbichi inakaribia harufu ya ganda la limau.

Sasa mimina, glasi ikiwa imeinama, na uisimamishe mwishoni ili povu lipande. Rangi ni ya shaba iliyoiva. Nusa mara fupi fupi, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mdalasini hutangulia; nyuma yake kuna kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto hadi kikatoa harufu ya ganda la mkate. Ukisikia karafuu, usiseme haraka kwamba wametia karafuu. Mdalasini wenyewe una chembechembe za harufu hiyo, na katika bia nyingi, hasa zile za ngano za Ujerumani na baadhi ya zile za Ubelgiji, harufu ya karafuu hutengenezwa na hamira wakati wa kuchacha. Hakuna aliyetia hata punje.

Funda la kwanza ni la kusafisha mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe mpaka kwenye ufizi, meza, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo bia inapoongea. Tangawizi utaipata mwisho, kooni, kama joto na si kama ladha. Wengi huuliza asali iko wapi. Sukari yake karibu yote imeliwa na hamira ikageuka kilevi, hivyo utamu unaousikia umetoka zaidi kwenye kimea. Asali imebakiza harufu tu, na imefanya bia isiwe nzito. Uchungu ni wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na ni mpole. Aliyezoea mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyotiwa magome machungu ya msesewe hatakunja uso.

Chakula? Watu wangu hukimbilia pilau, na mimi nawazuia. Mdalasini juu ya mdalasini, hakuna utakachosikia. Kuku wa kuchoma aliyepakwa chumvi na ndimu tu anafaa zaidi, au kipande cha jibini ya cheddar iliyokomaa.

Nunua ya msimu huu, na soma tarehe kwenye chupa. Kuna bia kali zinazopendeza zikilazwa miaka, lakini hii viungo vyake hufifia, na ikizeeka huanza kunuka karatasi iliyolowa. Ihifadhi gizani, chupa ikiwa wima. Na nusu ya mwisho ya glasi usiimalize haraka: ikishapata joto la chumba mdalasini hurudi nyuma, na ile asali uliyoitafuta tangu mwanzo huanza kunukia.