Sumaku kabla ya bei

Ukienda kuangalia Datsun 240Z au gari jingine la michezo la zamani hapa Mombasa, beba sumaku ya friji, uifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Ikiteleza na kudondoka, hapo pamejazwa puti, yaani lahamu ya kuziba mashimo ya bodi, na chini yake mara nyingi ni kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Mwulize fundi wa bodi gharama ya kukata na kuchomelea bati jipya, uitoe kwenye bei. Injini hutengenezeka, bodi iliyooza ndiyo humaliza pesa. Lotus Elan usiipime hivyo, bodi yake ni faibaglasi, haishiki sumaku. Puti nyembamba nayo huidanganya sumaku, kwa hiyo inama umulike chini kwa tochi.