Nyoka wa Nokia, toleo lako mwenyewe

Ule mchezo wa nyoka uliokuja na Nokia 6110 mwaka 1997, kazi ya Taneli Armanto, unaweza kuuunda upya kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, jioni moja. Anza na nyoka. Rangi na muziki vitasubiri.

Mwili wake ni orodha ya miraba tu. Kila hatua, ongeza mraba mmoja kichwani, kisha futa wa mwisho mkiani. Basi, nyoka anatembea! Akila, usifute mkia kwa hatua hiyo, naye atarefuka. Wengine huhangaika kuhamisha kila pingili, kazi bure.

Penye utata ni vitufe. Nyoka anaenda kulia; mchezaji anabonyeza juu, halafu kushoto, chapuchapu kabla ya hatua inayofuata. Ukihifadhi kitufe cha mwisho peke yake, kichwa kitageuka nyuma na kuingia shingoni. Kwa hiyo vipange vitufe foleni, toa kimoja kila hatua, na ukatae kinachopinga mwelekeo wa hatua iliyopita. Foleni ya viwili yatosha. Ikizidi hapo nyoka anaonekana mkaidi.

Chakula kiangukie mraba mtupu. Mimi hukusanya miraba mitupu yote kwanza, ndipo nichague mmoja kwa bahati nasibu, maana nyoka akishajaza kioo, kubahatisha ovyo kunaukwamisha mchezo.

Kasi? Jaribu milisekunde 150 kwa hatua, halafu zipunguze taratibu ili nyoka azidi kukimbia. Kwenye simu za kugusa, mwelekeo ubadilishwe kwa kutelezesha kidole. Vitufe vya kuchora juu ya kioo siviwezi kabisa: dole gumba linaziba chakula.